Lenzi ya zamani, kamera ya leo: hesabu moja ya kutoa kabla hujatoa hela

Fungua makabati ya wazee wako vizuri, huenda ukakutana na kamera ya filamu iliyosahaulika: Zenit, Praktica, Pentax, Minolta, Canon au Nikon. Mara nyingi kamera yenyewe imeshakufa. Shata imegoma, sponji za ndani zimeoza, na hata ikipona, filamu ya kuweka humo ni ghali na ya kutafuta kwa tochi.

Sasa iangalie lenzi yake. Ni chuma na glasi, basi. Haina betri, haina programu, haina kitu cha kupitwa na wakati. Kama glasi ni safi na pete zake zinazunguka, lenzi hiyo inaweza kuchora picha leo kama ilivyochora mwaka 1975. Kinachohitajika ni kipande cha chuma kinachoitwa adapta, cha kuiunganisha na kamera ya kidijitali.

Ndiyo maana wanafunzi wengi na wapiga picha wanaoanza huvutiwa na lenzi za mtumba. Lakini hapo hapo ndipo watu wanapoingia mkenge. Mtu ananunua lenzi nzuri, ananunua adapta inayoingia vizuri kabisa, anafunga, anatazama, na kila kitu kilicho mbali zaidi ya mita mbili ni ukungu mtupu. Lenzi ni nzima, kamera ni nzima, adapta ni nzima. Kilichokosekana ni hesabu moja ya kutoa, ambayo angeifanya kabla ya kulipa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Hebu tuielewe.

Kwanza, lenzi inafanya nini?

Fanya jaribio hili leo mchana. Chukua lenzi ya kukuzia maandishi, au hiyo lenzi ya zamani yenyewe. Ingia kwenye chumba chenye giza kiasi, simama karibu na ukuta unaotazamana na dirisha. Shika lenzi mbele ya ukuta, kisha isogeze taratibu kwenda na kurudi. Ukifika mahali fulani, utaona dirisha na miti ya nje imejichora ukutani, kichwa chini miguu juu. Sogeza lenzi kidogo tu na picha inayeyuka.

Hiyo ndiyo kamera nzima. Ukuta ni sensa au filamu. Chumba chenye giza ni boksi la kamera. Zaidi ya hapo, kuna mambo mawili ya kukumbuka.

La kwanza: kwa kitu kilicho mbali sana, picha hujichora kwenye umbali maalumu kutoka kwenye lenzi. Umbali huo ndio urefu wa fokasi, ile namba iliyoandikwa mbele ya lenzi: 28 mm, 50 mm, 135 mm.

La pili: kitu kikisogea karibu, picha yake inajichora nyuma zaidi. Kwa hiyo lenzi lazima isogee mbele, mbali na sensa, ili picha iangukie mahali pake. Kama ulisoma fizikia ya sekondari utaikumbuka kanuni yake: 1/f = 1/u + 1/v, ambapo f ni urefu wa fokasi, u ni umbali wa kitu, na v ni umbali wa picha.

Weka namba uone. Lenzi ya 50 mm ikitazama mlima ulio mbali, inakaa milimita 50 kutoka kwenye sensa. Ikitazama kikombe kilicho nusu mita mbele yake, inatakiwa ikae milimita 55.6. Yaani safari yote, kutoka mlimani hadi kwenye kikombe, ni mwendo wa milimita 5.6 tu! Pete ya fokasi unayoizungusha kwa mkono haifanyi kitu kingine zaidi ya hicho: inasukuma glasi mbele na nyuma kwa milimita chache.

Ukishaona kwamba dunia nzima inapita ndani ya milimita tano na nusu, utaelewa kwa nini kosa la milimita moja si dogo.

Namba inayobeba kila kitu

Mahali lenzi inaposhika kwenye kamera panaitwa maunti. Aliyebuni lenzi alijua jambo moja kwa uhakika: kutoka kwenye uso wa maunti hadi kwenye filamu kuna umbali fulani usiobadilika. Akaipanga glasi yake ili, pete ikifika kwenye alama ya ∞ (ile nane iliyolala), picha ya vitu vya mbali iangukie pale pale. Umbali huo tutauita umbali wa maunti. Kila mfumo una wa kwake.

Kamera za filamu na DSLR, yaani kamera zenye kioo ndani:

- Nikon F: 46.5 mm
- M42 (Zenit, Praktica na Pentax za zamani za kufunga kwa skrubu): 45.46 mm
- Pentax K: 45.46 mm
- Canon EF: 44 mm
- Minolta MC na MD: 43.5 mm
- Canon FD: 42 mm

Kamera za kidijitali zisizo na kioo:

- Canon RF: 20 mm
- Micro Four Thirds: 19.25 mm
- Sony E: 18 mm
- Fujifilm X: 17.7 mm
- Nikon Z: 16 mm

Unaona pengo kati ya makundi hayo mawili? Sababu yake ni kioo. Kwenye DSLR na kamera nyingi za filamu, nyuma ya lenzi kuna kioo kilichoinamishwa, kinachorusha mwanga juu kwenye dirisha la kutazamia. Ukibonyeza kitufe, kioo kinaruka juu na kupisha mwanga. Kioo kinahitaji nafasi ya kuruka, na nafasi hiyo ndiyo iliyofanya umbali wa maunti uwe milimita 40 na kitu.

Mwaka 2008 Panasonic walitoa kamera ya Lumix G1, ambayo lenzi zake hubadilishwa lakini ndani haina kioo. Sensa yenyewe inapeleka picha kwenye skrini muda wote. Mwaka 2010 Sony wakafuata na familia ya NEX. Kioo kilipoondoka, nafasi yake haikuhitajika tena, na maunti ikasogea hadi milimita 20 au chini ya hapo. Lengo lilikuwa kutengeneza kamera ndogo. Faida ya pembeni ni kwamba lenzi karibu zote za kamera za filamu za zamani zikapata mahali pa kukaa.

Sasa toa

Adapta nzuri haifanyi uchawi. Ni bomba tupu lenye mdomo wa mfumo mmoja huku na mdomo wa mfumo mwingine kule. Unene wake ndio siri yake, na unaupata hivi: umbali wa maunti wa lenzi, toa umbali wa maunti wa kamera.

Lenzi ya M42 kwenye Sony E: 45.46 − 18 = 27.46. Adapta ya milimita 27.46, hewa tupu ndani, na lenzi inajiona iko nyumbani. Haijui kwamba imehamishwa.

Lenzi ya Canon FD kwenye Nikon Z: 42 − 16 = 26. Safi.

Lenzi ya M42 kwenye DSLR ya Canon EF: 45.46 − 44 = 1.46. Adapta inakuwa nyembamba kama pete ya kidoleni, lakini inawezekana. Angalizo tu: kwenye DSLR zenye sensa kubwa, baadhi ya lenzi hutokeza nyuma kiasi cha kugongwa na kioo zikiwa kwenye ∞.

Lenzi ya M42 kwenye DSLR ya Nikon: 45.46 − 46.5 = −1.04. Jibu ni hasi. Hakuna adapta yenye unene wa chini ya sifuri. Ungelazimika kuizamisha lenzi ndani ya mwili wa kamera, na mwili haukubali.

Je, ukilazimisha? Tuseme umepata pete nyembamba kiasi kwamba ni kama haipo, na lenzi yako ni ya 50 mm. Hata ukifikisha pete ya fokasi kwenye ∞, lenzi itakuwa milimita 51.04 kutoka kwenye sensa badala ya 50. Irudishe kwenye kanuni yetu: kitu cha mbali zaidi unachoweza kukiona vizuri kipo mita 2.45. Picha ya uso wa rafiki yako itatoka. Picha ya timu yake ya mpira imekwenda na maji. Ndiyo yule mtu wetu wa mwanzo.

Kwa lenzi ya 50 mm ya Canon FD kwenye DSLR ya Canon EF ni mbaya zaidi, kwa sababu 42 − 44 = −2. Mwisho wako ni mita 1.3. Lenzi ya Canon, kamera ya Canon, na bado hazielewani! Mwaka 1987 Canon walibadilisha mfumo mzima ili kuingiza fokasi ya kiotomatiki ya umeme, na umbali wa maunti mpya ukawa mrefu kuliko wa zamani. Lenzi za FD zikabaki yatima mpaka kamera zisizo na kioo zilipozaliwa.

Wauzaji wana dawa ya jibu hasi: adapta yenye kipande cha glasi ndani, kinachorekebisha fokasi ili ∞ ipatikane. Inafanya kazi, lakini umeongeza glasi ya bei rahisi nyuma ya lenzi nzuri, na mara nyingi ukali wa picha unashuka, hasa tundu likiwa wazi kabisa. Kama kamera yako ni DSLR ya Nikon, ushauri wetu ni mmoja: tafuta lenzi za zamani za Nikon zenyewe. Nikon F ni ileile tangu 1959. Ila soma kwanza mwongozo wa kamera yako, kwa sababu lenzi za kabla ya 1977 zinaweza kuumiza maunti ya baadhi ya DSLR.

Kuna mtego mwingine wa kuujua. Kipenyo si umbali. Lenzi za skrubu za Leica na lenzi za Zenit za mwanzo zote zina mdomo wa 39 mm. Ukiziweka mezani utasema ni ndugu. Lakini ya Leica inataka 28.8 mm na ya Zenit inataka 45.2 mm. Kwa hiyo usiulize tu "inaingia?" Uliza "inataka umbali gani?"

Hata wenye pesa nyingi hawakwepi sheria hii. Filamu ya Barry Lyndon ya mwaka 1975 ina matukio yaliyopigwa kwa mwanga wa mishumaa. Stanley Kubrick alitumia lenzi za Zeiss za 50 mm f/0.7, zilizobuniwa kwa ajili ya NASA. Glasi ya nyuma ya lenzi hizo ilitakiwa kukaa karibu mno na filamu, kiasi kwamba kamera ilibidi ifanyiwe upasuaji ili izipokee.

Sehemu ya kumi ya milimita

Umefanya hesabu, jibu ni chanya, umenunua adapta. Je, ina unene ulioandikwa? Adapta ikizidi kwa milimita 0.1 tu, yaani unene wa karatasi ya daftari, lenzi yako ya 50 mm itaishia kuona vizuri mita 25. Majengo na milima vinakuwa laini.

Watengenezaji wengi wa adapta za bei nafuu wanalijua hilo, na hukwepa kwa kuzifanya fupi kidogo kuliko inavyotakiwa. Matokeo yake, lenzi inapita ∞: vitu vya mbali vinakuwa vikali kabla pete haijafika mwisho. Hiyo haina madhara makubwa, ila usiziamini namba za mita zilizochorwa kwenye lenzi.

Kujaribu ni rahisi. Elekeza kamera kwenye mnara wa simu ulio kilomita moja au zaidi, au kwenye mwezi. Fungua tundu lote, kuza picha kwenye skrini, zungusha pete. Ikiwa ukali unafika kisha unapotea kabla ya kikomo, adapta ni fupi kidogo; endelea na maisha. Ikiwa unafika mwisho wa pete na bado ni ukungu, irudishe adapta dukani. Usijaribu kwa jua. Lenzi inakusanya miale kama ile lenzi ya kuchomea karatasi, na jicho au sensa haina spea.

Bomba halipeleki ujumbe

Lenzi ya leo inazungumza na kamera kwa umeme. Bomba letu halina waya, kwa hiyo kamera inaamini haina lenzi kabisa. Usiogope, fanya hivi:

1. Ingia kwenye menyu, tafuta kipengele kinachoruhusu kupiga picha bila lenzi, kiwashe. Kamera nyingi hukataa kupiga mpaka ufanye hivyo.
2. Weka hali ya A (kwa Canon ni Av) au M. Kwenye A, wewe unachagua tundu kwa pete ya lenzi, kamera inapima mwanga unaoingia na kuchagua kasi ya shata.
3. Kama kamera yako ina kitulizo cha mtikisiko ndani ya mwili, iambie mwenyewe urefu wa fokasi. Lenzi ya 58 mm, andika 58. Ukiiachia namba ya uongo, itatuliza kwa kipimo cha uongo.
4. Washa msaada wa rangi kwenye kingo. Kamera itapaka rangi sehemu zilizo kali, na ukizungusha pete utaona rangi inatembea kwenye picha. Kisha kuza eneo la jicho uhakikishe, kwa sababu rangi pekee hudanganya tundu likiwa wazi.

Kuhusu tundu: ile namba ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya 50 mm kwenye f/8 ina tundu la milimita 6.25, kwenye f/1.8 ni karibu milimita 28. Tundu kubwa linaingiza mwanga mwingi, lakini eneo linaloonekana kali linakuwa jembamba. Kwa kamera yenye sensa kubwa na mtu aliye mita mbili, f/1.8 inakupa karibu sentimita 17 za ukali, mbele na nyuma kwa pamoja. F/8 inakupa karibu sentimita 80. Unapojifunza kufokasi kwa mkono, anza na f/5.6 au f/8. Usianze na f/1.8 kisha uilaumu lenzi.

Lenzi nyingi za M42 zina kipini kidogo nyuma, ambacho kamera ya zamani ilikibonyeza ili kufunga tundu wakati wa kupiga. Kama lenzi yako ina swichi ya A na M, weka M. Kama haina, nunua adapta yenye ukingo wa ndani unaokibonyeza kipini hicho muda wote. Vinginevyo utazungusha pete ya tundu na hakuna kitakachobadilika.

Jambo jingine ni ukubwa wa sensa. Lenzi ilibuniwa kwa fremu ya filamu ya milimita 36 kwa 24. Sensa ya APS-C ni ndogo kuliko hiyo, inachukua katikati tu ya picha. Kwenye kamera za Sony, Nikon na Fujifilm za aina hiyo, zidisha kwa 1.5: lenzi ya 50 mm itaona upana ambao ungeuona kwa 75 mm. Kwa picha za uso ni raha. Kwa picha za chumba kidogo ni balaa. Lenzi haijabadilika, umekata kingo tu.

Kwa nini picha zake ni tofauti?

Utasikia watu wanasema lenzi za zamani zina roho. Roho hiyo ina maelezo ya kifizikia.

Mwanga ukipita kutoka hewani kuingia kwenye glasi ya kawaida, karibu asilimia 4 inarudishwa. Lenzi ya Helios 44 ina vipande sita vya glasi katika makundi manne, maana yake nyuso nane zinazogusana na hewa. Kama zote zingekuwa tupu, 0.96 ikizidishwa yenyewe mara nane inatupa 0.72. Karibu asilimia 28 ya mwanga haifiki inapotakiwa! Sehemu yake inadundadunda ndani na kuangukia kwenye sensa kama ukungu mweupe. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss alisajili hataza ya kupaka glasi tabaka jembamba sana linalopunguza marudisho hayo. Ukishusha hasara hadi asilimia 1 kwa kila uso, hesabu ile ile inakupa 0.92.

Lenzi nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zina tabaka moja tu. Matabaka mengi yalienea miaka ya 1970. Ndiyo maana lenzi ya zamani ikitazamana na jua, rangi zinapauka. Wapo wanaoupenda mpauko huo. Kama wewe humo, funga kikinga-jua mbele ya lenzi, au kinga jua kwa kiganja.

Helios 44-2, ya 58 mm f/2, iliundwa Urusi ya Kisovieti kwa kufuata ubunifu wa Zeiss Biotar wa Ujerumani. Inajulikana kwa mandharinyuma inayozunguka kama kimbunga. Sababu kubwa ni kwamba mwanga unaotoka pembeni hukatwa na kingo za lenzi yenyewe. Nukta ya mwanga iliyo katikati inaonekana duara, iliyo pembeni inabanwa na kuwa kama jicho la paka, na macho hayo yanajipanga kuzunguka kitovu. Funga tundu hadi f/5.6 na kimbunga kinatulia. Kwa hiyo ukikitaka, fungua tundu lote na mweke mtu wako mbele ya majani yenye mwanga unaopenya.

Na ndiyo, baadhi ya lenzi zina mionzi. Super-Takumar ya 50 mm f/1.4, katika toleo lake la vipande saba, ina glasi yenye thoriamu, iliyowekwa ili kupindisha mwanga zaidi bila kutawanya rangi sana. Kwa kupiga picha za kawaida kiwango chake ni kidogo na hakuna sababu ya kuikimbia. Ila usiisage glasi hiyo, na usiigeuze kuwa kitu cha kutazamia karibu na jicho kwa muda mrefu. Miaka ikipita, glasi ya aina hiyo hugeuka njano kama chai ya rangi. Mionzi ya urujuanimno huipunguza njano hiyo polepole.

Adui anayeishi Pwani

Hapa tuongee na walioko Dar, Tanga, Mombasa, Unguja na kwingine kwenye hewa nzito. Lenzi haiuawi na umri. Inauawa na kuvu.

Kuvu hupenda giza, unyevu na hewa isiyotembea. Kabati lililofungwa na mkoba wa ngozi vinampa vyote vitatu, na ngozi yenyewe hushika unyevu. Anaanza kama nyuzi za buibui pembezoni mwa glasi. Anapokua hutoa asidi zinazokula tabaka lililopakwa, na baadaye glasi yenyewe. Fundi akimuwahi, anasafishika. Akishachimba, kovu halitoki.

Kwa hiyo ukienda kununua lenzi, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda na tochi. Fungua tundu lote, mulika kutoka nyuma, tazama kwa mbele ukiwa umeinamisha kidogo. Vumbi kidogo ni kawaida. Nyuzi, ukungu mweupe au madoa yenye matawi si kawaida. Zungusha pete ya fokasi: iwe laini mwanzo hadi mwisho. Fungua na funga tundu: mabati yake yasiwe na mafuta na yasitembee kwa uvivu. Mchubuko mdogo kwenye glasi ya mbele unasameheka; kwenye glasi ya nyuma utauona pichani.

Ukiifikisha nyumbani, iweke kwenye boksi la plastiki lisilopitisha hewa, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Kipimo kidogo cha unyevu ndani yake ni msaada mkubwa. Asilimia 40 hadi 50 panatosha. Vipakiti vikishiba, vikaushe au vibadilishe. Na itumie lenzi. Ikikaa kwenye mwanga na hewa, kuvu anakosa raha.

Lini useme hapana

Kama unapiga mpira wa miguu, watoto wanaokimbia, au harusi ambapo biharusi hatarudia kuingia ukumbini, fokasi ya mkono itakuangusha. Kama kamera yako ni DSLR na hesabu imetoa jibu hasi, acha. Na kabla hujalipa, jumlisha lenzi, adapta na fundi wa kusafisha, kisha linganisha na lenzi mpya ya 50 mm f/1.8 ya kampuni ya kamera yako, ambayo kwa kampuni nyingi ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa. Kama tofauti ni ndogo na unachotaka ni kazi tu, chukua mpya.

Lakini kama unataka kujifunza mwanga unavyofanya kazi, hakuna mwalimu kama lenzi isiyokufanyia chochote. Wewe ndiye unayefungua tundu, wewe ndiye unayesogeza glasi, na kosa lako unaliona hapo hapo kwenye skrini.

Kwa hiyo jioni hii waombe wazee kamera ile ya kabatini. Soma pete ya mbele ya lenzi: jina, urefu wa fokasi, namba ya f. Tazama nyuma, ni skrubu au ni ya kugeuza na kufunga? Ukishaijua maunti, andika umbali wake, toa umbali wa kamera yako. Jibu likiwa chanya, una lenzi. Likiwa hasi, usimpe mtu hela yako.

Na jibu lolote litakalotoka, usiirudishe kwenye ule mkoba wa ngozi. Masika mengine humo ndani, na hakutakuwa na kitu cha kupigia hesabu.